Mwenye Vyuma wa Salamu Maria ya Saba

Msibani kila marehemu anageuka malaika, kwa hiyo lisemwe mapema kabla maua hayajaletwa: mama huyu alikuwa msumbufu. Hakuwa mlevi wala mgomvi. Usumbufu wake ulikuwa sala. Ungempigia simu kumwambia nyumba inaungua, angekuuliza kwanza kama umesali. Parokiani walimwita Mama Rozari, na wengine walimwita hivyo huku wamebinua midomo. Alikuwa anafika kanisani kabla ya mwenye funguo, na baada ya misa anabaki amepiga magoti mpaka mfagizi amsukumie ufagio miguuni.

Kazi yake ilikuwa pasi. Mume alishaondoka zamani, hakufa, aliondoka tu kama mtu anayekwenda dukani. Mama akabaki na mtoto mmoja wa kike aliyempachika jina la utani Kifungo, kwa sababu alipokuwa mchanga alikuwa hanyonyi bila kung'ang'ania kifungo cha blauzi ya mama yake. Mama mdogo wa mtoto, yaani mdogo wake Mama Rozari, hakulipenda jina hilo hata siku moja.

"Jina gani hilo, dada? Kama mtoto kahukumiwa!"

"Aliyehukumiwa ni mimi," Mama Rozari alijibu. "Kifungo cha maisha, na sikati rufaa."

Kifungo alipofika miaka kumi na miwili, mama akapata mkataba wa kazi nchi ya mbali, kwenye hoteli kubwa. Mkataba wa miaka miwili. Mtoto akaachwa kwa mama mdogo na sanduku la nguo na maelekezo ya sala. Miaka miwili ikawa minne. Minne ikawa saba. Kila mkataba ukiisha, mama anasema huu unaofuata ndio wa mwisho, ahadi ya aina ile ambayo mtoto anaiamini mara mbili na mara ya tatu anaitikia tu ili simu ikatwe. Jumla ikafika miaka kumi na moja. Katikati alikuja likizo mara mbili, na mara zote mbili siku tatu za kwanza walikuwa wanaoneana haya kama wageni waliopangiwa chumba kimoja.

Chumba cha kufulia cha ile hoteli kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Taa zinawaka saa zote, mvuke unapanda kutoka kwenye meza sita za pasi, na shuka zinatoka kwenye mashine zikiwa za moto mpaka unazishika kwa ncha za vidole. Mama Rozari alikuwa meza ya nne, upande wa mashati ya wageni. Rozari ya shanga walimkataza siku ya kwanza, eti itanasa kwenye mashine. Wangemkataza kupumua ingekuwa nafuu. Wiki nzima alipiga pasi kama mtu aliyekatwa ulimi, mpaka siku moja akalitazama shati lililo mbele yake akalihesabu. Vifungo saba kifuani. Kimoja shingoni. Kimoja kila mkono. Kumi!

Basi. Shati moja, Salamu Maria kumi. Mashati matano, rozari nzima. Anagusa kifungo, midomo inacheza, anakwenda kingine. Msimamizi akimwona hivyo anadhani anakagua vifungo vilivyolegea, na mwisho wa mwaka akampa cheti cha umakini. Mama Rozari alikipokea kwa mikono miwili bila kufungua mdomo. Alimhadithia Kifungo kwenye simu huku anacheka mpaka anakohoa. "Mwanangu, nimepewa cheti cha kusali."

Sasa kuhusu Kifungo na simu.

Mapumziko ya mama yalikuwa nusu saa baada ya chakula cha mchana, na muda huo Kifungo, ambaye kwa sasa alikuwa mtu mzima, alikuwa kazini. Alifanya kazi kwenye steshenari: kupiga kopi, kuchapa barua za watu, kulaminisha vyeti. Hawakuweza kupigiana. Mama akabuni njia. Alikuwa na simu mbili, ya zamani iliyopasuka kioo na mpya. Wasali fungu moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, kila siku kwa kutumiana sauti. Kifungo atarekodi vile vipande vya kuitikia, Maria Mtakatifu Mama wa Mungu, mara kumi, akiacha nafasi. Mama ataingia stoo ya mataulo, ataweka simu ya zamani sikioni amsikie mwanawe, na ile mpya mdomoni arekodi kipande chake cha kuanzia. Kisha atamtumia.

"Kwa hiyo ukiisikiliza ya kwangu unajibu, na mimi nikiisikiliza ya kwako naanza," mama alieleza. "Tunakuwa tumesali pamoja. Umeelewa?"

"Nimeelewa mama."

"Umekula?"

Ilikuwa nadra kuulizwa hilo la pili, kwa hiyo Kifungo alilikumbuka.

Miezi ya kwanza alirekodi kila siku kwa uaminifu, nyuma ya steshenari, karibu na ndoo ya kudekia. Kisha mama akaahirisha kurudi tena. Msichana alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama. Ameshaning'iniza pazia. Alipopata habari hakulia wala hakugomba. Alisema sawa mama, akakata simu, akakaa kwenye kiti cha wateja akaitazama mashine ya kopi inavyotema karatasi, moja, moja, moja, zote sawa.

Siku iliyofuata alirekodi fungu lake kama kawaida. Alipofika Salamu Maria ya saba, akapita mnunuzi wa vyuma na mkokoteni wake, spika juu: "Vyuma chakavu! Betri mbovu! Masufuria yaliyotobokaaa!" Kifungo akanyamaza kumpisha, akacheka puani, akaendelea na ya nane.

Na siku ya pili yake akaituma ileile.

Na ya tatu. Ya nne. Kazi yake ilikuwa kopi, na sala nayo akaipiga kopi. Sekunde mbili tu: gusa, tuma, rudi kwa mteja. Zile za mama zilizokuwa zinaingia kila mchana hakuzifungua. Za nini? Ni Salamu Maria, anazijua. Alijiambia atazisikiliza Jumapili. Jumapili zikapita mia na zaidi. Miaka miwili yule mtu wa vyuma alipita kwenye sikio la mama kila siku, Krismasi na Pasaka, palepale kwenye ya saba, na mama hakusema kitu. Wakipigiana simu mwisho wa wiki anasema tu, "Asante kwa kusali na mimi, mwanangu. Ndiyo inayonisimamisha."

Kifungo anajibu, "Usijali mama." Huku uso umemwiva.

Mama Rozari alianguka siku ya Jumanne, meza ya nne, pasi mkononi. Moyo. Ilikuwa baada ya mapumziko, shati lilikuwa limebakiza mkono mmoja. Karatasi, mihuri, simu zisizopokelewa, yote hayo yalichukua majuma matatu, na mwishowe sanduku lenye mwili likaja limefungwa kwa skrubu na maandishi ya kigeni. Likaja na begi dogo lenye nguo, viatu vya kazini, cheti cha umakini na simu mbili.

Kifungo hakulia. Watu waliona, na watu wana midomo. "Huyu mtoto ana macho makavu," alisema jirani mmoja jikoni, kwa ile sauti ya chini inayosikika nyumba nzima. Hawakujua kwamba majuma yote matatu msichana alikuwa na jambo moja tu kichwani, linamzunguka kama nzi: alijua, au hakujua? Kama mama alikufa akiamini wanasali pamoja, basi alikufa ametapeliwa na mwanawe. Kama alijua, ndiyo mbaya zaidi. Jibu, kama lipo, lilikuwa kwenye simu yake, ndani ya zile sauti mia saba na kumi na moja. Usiku wa kwanza alibonyeza moja. Ukasikika mvuke, kikohozi, "Kwa jina la Baba," akaizima kama aliyeshika waya wa umeme. Hakurudia.

Siku moja kabla ya mazishi, mchana, jumuiya ikaja kusali rozari. Viti vya kukodi vikajaa uani. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akamkumbatia Kifungo akamkandamiza kifuani.

"Mwanangu, tumekaa kamati tukaamua. Rozari ya leo ataiongoza mama yako mwenyewe."

"Ataiongoza vipi?"

"Si mlikuwa mnasali kwenye simu? Alituhadithia likizo ile ya mwisho, hapo hapo kanisani, tukapiga makofi. Mwanangu hajakosa hata siku moja, alisema. Hata siku moja! Mimi wa kwangu naishi nao nyumba moja na rozari nawasukumia kwa mwiko. Leta simu. Fundi mitambo wa kwaya amekuja na spika."

Kifungo akaikaza simu mkononi. "Simu haina chaji."

"Umeme upo."

"Kioo kimekufa."

"Mbona umeishika na inawaka?" mama mdogo akadakia kutoka mlangoni. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka tu, siku ya tatu hajavua kanga ya kiunoni.

"Nipeni dakika moja," Kifungo akasema, akaingia chumbani akafunga mlango.

Kile chumba alichopaka rangi. Sanduku lilikuwa sebuleni, ukuta mmoja tu katikati. Akafungua mazungumzo ya mama. Chagua zote. Futa. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, kwa adabu kabisa, kama mhudumu wa benki. Kidole kikaning'inia juu ya lile neno. Akifuta, hakuna atakayejua. Hata yeye hatajua, maisha yake yote, mpaka siku yake ya kulala ndani ya sanduku. Akajaribu kukishusha kidole. Kikakataa. Akajaribu tena, jasho linamdondokea kwenye kioo, na mlango ukafunguliwa mama mdogo akaichukua simu mkononi mwake, taratibu, kama anavyochukuliwa kisu mtoto.

"Najua inauma, mwanangu. Lakini waache wamsikie. Wengine hawakupata hata kumuaga."

Fundi mitambo alikuwa kijana mpole, waya shingoni. Akaiunganisha simu, akapekua, akasimama. Ujumbe wa sauti ambao hujausikiliza unabaki na alama ya kijani, ukiusikiliza inageuka buluu. Yeye, ukiacha moja tu, aliona kijani juu mpaka chini, kama shamba. Akamwinamia Kifungo.

"Dada. Hizi zote..."

"Najua."

"Sasa nicheze ipi?"

"Ya mwisho."

"Unajua kilichomo?"

"Sijui," Kifungo akasema, na hilo lilikuwa neno la kweli la kwanza alilosema tangu msiba uanze.

Fundi akamtazama kidogo. Akabonyeza.

Mvuke kwanza. Kisha mlango wa stoo ukifungwa, kisha pumzi, nzito, ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kisha sauti ya Mama Rozari ikajaa uani, na wanawake wakapiga kelele pamoja, wengine wakajifunika nyuso. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..." Alipomaliza kipande chake, akanyamaza. Ile nafasi. Jumuiya nzima ikaitikia kwa mkupuo, "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." Wakaingia sawasawa kwenye tundu aliloliacha. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa furaha na machozi. Imewezekana!

Ya pili. Ya tatu. Kifungo alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, anazihesabu kwa kugusa vifungo vya gauni lake. Labda hakujua. Ya nne. Alikuwa mtu wa imani, hakuwa mtu wa simu, hata alama za rangi hakuzielewa. Ya tano. Mungu wangu, fanya hakujua. Ya sita. Akasahau kwamba hakuwa amemwomba Mungu kitu chochote kwa miaka miwili.

Ya saba. Mama akasema kipande chake, jumuiya ikaitikia, "...sasa na saa ya kufa kwetu, Amina," wakanyamaza kusubiri ya nane.

Ya nane haikuja.

Spika ikawa kimya. Sekunde mbili. Sita. Fundi akasogeza mkono kwenye waya akidhani umekatika. Ndipo wakamsikia Mama Rozari, chini chini, kwa sauti ya kuigiza mwanamume, anamfuatisha mtu anayemsikia sikioni: "...betri mbovu... masufuria yaliyotobokaaa." Akacheka puani. Akameza mate. Akaendelea, "Salamu Maria, umejaa neema."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akacheka kisha akajifanya anakohoa. "Kasema masufuria?" mtu akauliza. "Masufuria gani?" Waliitikia ya nane ovyo, na ya tisa. Kifungo hakuitikia. Kiganja kilikuwa mdomoni.

Baada ya ya kumi na Atukuzwe Baba, mama hakuzima. Alivuta pumzi ile nzito.

"Haya, Kifungo. Mpe salamu zangu mwenye vyuma. Mwambie na yeye apumzike, miaka miwili anapita palepale, hata mvua haimzuii. Simkasirikii. Mimi nilikuacha na sauti yangu ya simu, na wewe ukaniachia ya kwako, tuko sawa. Lakini nakusubiri. Siku utakayojibu mwenyewe nitajua tu, kwa sababu hatapita. Nia ya leo ni ileile ya jana: Mama Maria, umrudishe mwanangu, na mimi kifua hiki kinifikishe mwezi wa sita nimkute. Amina. Narudi kwenye mashati."

Kwenye kioo sauti iliyokuwa chini yake ilitaka kuanza yenyewe, fundi akaiwahi kuizima.

Watu sitini walibaki wanaitazama spika. Kuku akapita. Mwenyekiti, ambaye kunyamaza si kazi yake, ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo: "Mwanangu, mwenye vyuma ni nani?"

"Ni kopi," Kifungo akasema.

"Kopi ya nini?"

Akawaambia. Hakupamba. Alisema alirekodi siku moja akaituma miaka miwili, na kwamba za mama hakufungua hata moja. Jirani wa jikoni akasema "Yesu wangu," na kwa mara ya kwanza hakulinyoosha lile neno kwa umbea. Mama mdogo akaketi kwenye ngazi kama aliyemwagiwa maji. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Kifungo akanyanyuka akaenda kwa fundi, akaitazama simu. Chini ya ile sauti ya mwisho ya mama kulikuwa na jibu lake, lile lile, la Jumanne, alilolituma kati ya mteja wa kopi za kitambulisho na mteja wa kulaminisha. Majibu yote ya juu yake, mamia kwa mamia, yalikuwa buluu. Mama alimsikiliza mwenye vyuma mpaka mwisho, kila siku, bila kuruka. Hilo la Jumanne tu lilikuwa bado kijivu, halikusikilizwa.

"Rudisha mwanzo," akasema.

"Dada, pumzika kwanza."

"Kaka, rudisha mwanzo. Nyie wengine msiitikie. Nawaombeni."

Fundi akarudisha. Mvuke. Mlango. Pumzi. Mama akaanza, na Kifungo, amesimama katikati ya uani mikono imening'inia, akaitikia peke yake. Ya kwanza maneno yalimgoma, akayatafuta kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ya pili ikaja. Ya tatu ikaja na machozi, mengi, ya majuma matatu, na hakuyafuta. Ya nne, ya tano. Walikuwa wanapokezana sasa, mama na mtoto, na kuna mwanamke pale nyuma alikuwa anasema polepole, ndiyo, ndiyo mwanangu. Ya sita.

Ya saba akaitikia vizuri kuliko zote, mpaka Amina.

Halafu nafasi ikabaki wazi mbele yake, ndefu. Mama alikuwa ameipima kwa ajili ya mtu mwingine. Kifungo hakuwa na cha kuijazia. Alisimama kinywa wazi, watu sitini wanamtazama, barabarani hakuna mkokoteni uliopita, na kwenye spika mama yake akaanza kumfuatisha yule yule aliyemzoea, betri mbovu, masufuria yaliyotoboka.

Akasubiri mama amalize kucheka.